Bao na Karata Katika Historia ya Korogwe na Handeni

Historia ya nchi ya Korogwe na Handeni imeandikwa zaidi kwa mizigo. Tumesoma habari za pembe za ndovu zilizoteremshwa Pangani na Saadani, habari za watumwa, habari za reli ya Usambara iliyoanza Tanga mwaka 1893 na kufika Korogwe mwaka 1902, na habari za katani iliyojaza mabehewa ya reli hiyo kwa muda uliozidi nusu karne. Mambo hayo ni ya kweli, nayo yastahili kuandikwa. Lakini mwanadamu habebi mzigo mchana na usiku. Jua lilipokuchwa mpagazi naye aliketi na wenzake, na aghalabu walipoketi palikuwa na kitu kati yao: ubao wenye mashimo, au fungu la karata. Katika makala hii nakusudia kuuliza vitu hivyo viwili vyaweza kumfundisha nini mwanafunzi wa historia. Dai langu ni kwamba mchezo ni hati kama hati nyingine, ila wataka kusomwa kwa namna yake.

Yafaa kwanza tuikumbuke nchi yenyewe, maana ni nchi ya njia. Mto Pangani, ambao katika sehemu zake za juu huitwa Ruvu, wapita Korogwe ukielekea baharini. Kaskazini yake ni milima ya Usambara; kusini ni Uzigua, yaani Handeni, na mbele zaidi ni vilima vya Nguu, ambavyo tangu mwaka 2002 vimo katika wilaya ya Kilindi. Abdallah bin Hemedi 'lAjjemy, katika Habari za Wakilindi, ametusimulia jinsi Mbega mwindaji alivyotoka Nguu, akagawa nyama kwa watu, hata akapata kutawala Usambara. Krapf alikwenda kwa Kimweri mwaka 1848 na tena mwaka 1852; Burton na Speke walifika Vuga mwaka 1857. Nchi iliyopitiwa na mwindaji, mmisionari, msafiri na msafara wa pembe haikosi kupitiwa na michezo pia. Mchezo ni mzigo mwepesi kuliko yote, kwa kuwa wachukuliwa kichwani pasipo kata wala utepe, na ushuru wake hautozwi na mtu.

Tuanze na karata, kwa sababu ushahidi wake umo katika maneno. Neno karata lenyewe ni la Kireno, na kamusi ya Krapf iliyochapwa mwaka 1882 inalo. Tazama tena majina ya mafungu yake manne: shupaza latokana na espadas, kopa na copas, uru na ouros, na pau na paus. Turufu, ambayo sasa twaitumia hata katika mazungumzo ya siasa, ni trunfo ya Kireno. Wareno walifika pwani hii mwaka 1498. Wakaanza kujenga Ngome ya Mombasa mwaka 1593. Wakaipoteza mwaka 1698, na baada ya kurudi kwa muda mfupi wakaondoka kabisa mwaka 1729. Wametuachia maneno machache kuliko ilivyodhaniwa zamani, lakini katika meza ya karata karibu kila kitu kina jina lao. Mtawala alifukuzwa, mchezo wake ukabakizwa.

Ushahidi hauishii katika majina. Umo katika hesabu pia. Wazee wa pwani walicheza karata iitwayo wahedi u sitini, maana yake kwa Kiarabu sitini na moja. Kwa nini sitini na moja, wala si hamsini au mia? Jawabu lapatikana katika mchezo wa Kireno uitwao bisca. Katika bisca kila fungu lina karata tano zenye thamani, nazo huhesabiwa 11, 10, 4, 3 na 2, jumla 30. Mafungu ni manne, kwa hiyo hesabu yote ni 120. Nusu yake ni 60, na mwenye kupata 61 amekwisha shinda. Vivyo hivyo karata zenye picha ziliitwa kwa Kiswahili mzungu wa pili, mzungu wa tatu na mzungu wa nne, na mtu aweza kushangaa kwamba hakuna mzungu wa kwanza. Lakini akitazama hesabu ya bisca ataona kuwa 2, 3 na 4 ndizo thamani za picha hizo. Hapa basi twaona mchezo wa Kireno, wenye jina la Kiarabu, unaosemwa kwa Kiswahili. Karata zilipopanda bara pamoja na misafara, mtu wa Handeni aliyejifunza kuhesabu sitini na moja alikuwa akihesabu historia ya pwani nzima vidoleni mwake, ingawa hakuna aliyemwambia hivyo.

Bao lina habari nyingine. Karata zilitoka ng'ambo, bali bao ni la jamaa kubwa ya michezo ya mashimo iliyoenea Afrika. Flacourt aliueleza mchezo wa namna hiyo wa Madagaska katika kitabu chake cha mwaka 1658. Waganda wana omweso, Wanyarwanda wana igisoro, na watu wa Malawi wana bawo. Bao la Kiswahili lina mashimo 32 katika safu nne, na kete 64, aghalabu za komwe. Kila mchezaji huanza na kete 10 tu ubaoni, sita katika nyumba na mbili mbili katika mashimo mawili ya jirani. 22 zilizobaki huwa mkononi. Sehemu ya kwanza, ambayo kete za mkononi huingizwa ubaoni moja moja, huitwa kunamua. Kete za mkononi zikiisha huingia mtaji. Anayepokonywa kete zote za safu ya mbele ameshindwa, na akishindwa angali ana kete za kunamua, amefungwa mkononi, jambo ambalo watazamaji hawamsahaulishi upesi.

Sasa tutazame Korogwe ya mkonge. Mwaka 1893 Richard Hindorf alileta miche kutoka Florida, na iliyofika hai ilikuwa 62 tu. Kutokana na miche hiyo michache yalitoka mashamba yaliyotanda bonde lote, Ngombezi, Magunga, Hale na Mazinde, hata mwanzoni mwa miaka ya 1960 Tanganyika ikatoa tani zaidi ya 200,000 kwa mwaka. Kazi hiyo ilihitaji watu wengi kuliko waliopatikana karibu. Waliletwa Waha kutoka Kigoma, Wangoni kutoka Songea, Wabena, Wanyamwezi, Wamakonde, na wengine kutoka Rwanda na Urundi. Na tangu mwaka 1944 palikuwa na ofisi maalumu ya kuwaandika, iliyojulikana kwa jina la SILABU. Watu hawa waliitwa manamba, kwa kuwa kila mmoja alikuwa na namba. Siku zake za kazi zilitiwa alama katika kipande chenye nafasi 30, na siku ambayo hakumaliza kazi aliyopimiwa haikuhesabiwa.

Mwanafunzi na afikiri jioni katika makambi hayo. Mrundi ajua mchezo wa mashimo, maana igisoro nayo ina safu nne za mashimo manane. Lakini katika igisoro kete zote huwa ubaoni tangu mwanzo; kunamua hakujui. Tena amezoea kula mashimo mawili ya mwenzake, la mbele na la nyuma, na hapa aambiwa kwamba huliwa la mbele tu. Kwa hiyo hawezi kuketi na mtu wa Korogwe wakacheza papo hapo. Hapana budi kwanza wapatane: tutacheza kwa sheria ya nani? Mapatano hayo, ambayo hayakuandikwa na karani yeyote, nayaona kuwa ni tendo la kihistoria kama mkataba wa machifu. Watu wa nchi mbalimbali walikubali sheria moja kwa hiari yao, na lugha ya sheria hiyo ilikuwa Kiswahili: namua, mtaji, takata, nyumba, kichwa, kimbi. Wengi wamesema kwamba mashamba ya mkonge yalieneza Kiswahili kwa amri ya nyapara. Nakubali. Lakini amri humfundisha mtu kusikia tu. Mchezo humfundisha kujibu. Na yule aliyekuwa namba mchana kutwa, jioni alikuwa mtu mwenye mtindo wake, ajulikanaye kuwa mwepesi wa kunamua au mzito wa kuilinda nyumba.

Jambo hili latuleta kwenye watazamaji, kwa maana bao halichezwi na watu wawili peke yao. Wanaolizunguka huhesabu pamoja na wachezaji, na mchezo ukiisha huusema: hapa ulikimbilia kula, hapa nyumba yako ilikuwa yafaa kusafiri nawe ukaibana. Huo ni uhakiki, nao wataka elimu kama uhakiki wa shairi. Muyaka bin Haji wa Mombasa alilifanya bao kuwa jambo la kutungia, wala hakuona kuwa limo chini ya hadhi ya mshairi. Huko Ujerumani wahakiki wa michezo hutoa tuzo kila mwaka tangu 1979, iitwayo Spiel des Jahres, na watu wengi wa Ulaya na Marekani sasa hununua michezo mipya ya mezani, huicheza jioni, kisha huandika tathmini zake kwa bidii. Watu husifu jambo hili kama uvumbuzi wa zama hizi. Kuandika tathmini pengine ni jambo jipya. Kutathmini si jipya. Baraza la bao lilikuwa likifanya hivyo pasipo wino. Tofauti ni kwamba wao huuliza zaidi kama mchezo wenyewe ni mzuri, na sisi tumezoea kuuliza kama mchezaji amecheza vizuri.

Basi na tuliulize swali lao juu ya michezo yetu. Bao halina bahati hata chembe: kete zote zaonekana, na ashindwaye hana pa kujificha. Uzito wake ndio uzuri wake, na mtaalamu wa Kiholanzi Alex de Voogt aliyechunguza ubingwa wa bao wa Zanzibar, katika kitabu chake cha mwaka 1995, aliona kuwa ni mlango wa kujua uwezo wa akili ya binadamu. Lakini ubora huo ni ubaya pia, kwa maana mwanagenzi akikutana na fundi hushindwa mara mia kabla ya kushinda mara moja. Karata ni kinyume chake. Bahati ya mgawo humpa mnyonge siku yake, na ushirika wa wawili wawili hufundisha kumsoma mwenzio usoni bila ya kusema naye. Drafti, ichezwayo kwa visoda juu ya ubao uliochorwa kwa rangi, hujifunzwa kwa nusu saa, nayo ni mchezo wa kituo cha basi, ambapo mtu aweza kuitwa na safari wakati wowote. Keram, iliyotoka Bara Hindi, yataka kidole kuliko hesabu. Hakuna mmoja unaotosha peke yake.

Yuko atakayesema kwamba nasifu uvivu. Lawama hii ni ya zamani: wenye mashamba waliinung'unikia, na watu wa dini, Waislamu kwa Wakristo, waliionea shaka karata hasa kwa sababu ya kamari, ambayo Qurani imeikataza katika sura ya 5, aya ya 90. Kuhusu uvivu jibu ni jepesi: aliyemaliza kipande chake hakumwibia mtu jioni yake. Kuhusu kamari jibu si jepesi, na hapa ndipo penye hatari ya leo. Bao kwa desturi halichezewi fedha. Aliyeshinda huondoka na sifa, naye aliyeshindwa huondoka na somo. Siku hizi katika miji mingi ya Tanzania kijana ajaribuye bahati yake hukabili mashine au simu, chini ya biashara iliyohalalishwa na Sheria ya Michezo ya Kubahatisha ya mwaka 2003. Sheria yake haikupatanwa na wachezaji, mpinzani wake hana uso, na akishindwa hakuna mtazamaji wa kumwambia alipokosea, maana hakukosea popote: hesabu ilimkataa tangu mwanzo. Tofauti kati ya mchezo na kamari, kama nionavyo, si fedha peke yake. Mchezo huacha elimu kwa aliyeshindwa. Kamari haimwachii kitu.

Mashamba ya mkonge yalianguka bei baada ya 1964, mengi yakataifishwa mwaka 1967, na makambi yakapungua watu. Baadhi ya manamba walirudi kwao; wengine walibaki, na wajukuu wao ni watu wa Korogwe na Handeni hivi leo. Vitabu vya mishahara vyaweza kuonyesha namba za babu zao. Havionyeshi waliyopatana wao kwa wao. Mwanafunzi atakaye kuyajua na aende barazani, asianze kwa kuuliza maswali ya historia. Na aketi, afungwe mara mbili tatu, kisha amwulize mzee huyo mambo matatu: bao hili alifundishwa na nani, mwalimu wake alitoka wapi, na ni sheria gani waliyobishania kabla ya kuanza. Majibu yake na ayaandike neno kwa neno, pamoja na jina la kila hatua kama mzee alivyolitaja, maana huenda hapana kitabu kingine yalimoandikwa.