Haidrojeni ya Askov

Anayesikia leo kwamba nguvu ya upepo huwekwa akiba katika haidrojeni hudhani ni uvumbuzi wa karne hii. Wapi! Mwaka 1891, kijijini Askov nchini Denmark, mwalimu Poul la Cour alijenga kinu cha upepo kwa ruzuku ya serikali. Kwa kuwa upepo huja na kuondoka upendavyo, alipitisha umeme wa kinu majini, akatenganisha haidrojeni na oksijeni na kuzihifadhi kwenye matangi. Kuanzia 1895 hadi 1902 shule ya Askov iliangazwa kwa gesi hiyo hata kinu kilipotulia. Hatari ilikuwepo: oksijeni kidogo ikijipenyeza kwenye haidrojeni, gesi ililipuka, na vioo vya madirisha vilivunjika zaidi ya mara moja.

Ni rahisi kusema milipuko ndiyo iliyoiua njia hiyo, lakini shule iliivumilia miaka saba. Kilichoishinda haidrojeni ni balbu pamoja na betri za risasi, zilizotunza umeme bila kuugeuza gesi. Na hapa ndipo ilipo hoja yangu: haidrojeni ilifaa Askov kwa sababu ilichomwa moja kwa moja taani, haikudaiwa kuwa umeme tena. Huko Utsira, kisiwa kidogo cha Norway, ilidaiwa. Mwaka 2004 kampuni za Norsk Hydro na Enercon zilianza kuzipa nyumba 10 umeme wa upepo. Upepo ukikatika, injini ya haidrojeni iliendesha jenereta. Mtambo ulifanya kazi, ila nishati ilipungua katika kutenganisha maji, ikapungua katika kushindilia gesi, na injini ikapoteza sehemu kubwa ya iliyosalia kama joto.

Atakayeitetea Utsira atauliza: betri gani itahimili siku nyingi bila upepo? Swali la haki, maana tangi likishajaa hukaa na akiba yake kwa muda mrefu. Lakini hasara haipimwi kila mahali kwa mizani moja. Eday, katika visiwa vya Orkney huko Uskoti, mtambo wa upepo ulikuwa ukizimwa mara kwa mara kwa kuwa nyaya za umeme zilishajaa. Umeme huo, ambao ungepotea wote, ukaanza kutengenezewa haidrojeni, nayo ikasafirishwa hadi bandari ya Kirkwall kutoa umeme kwa vivuko vilivyotia nanga. Hata kama nusu yake ilipotea njiani, nusu iliyofika Kirkwall hapo awali haikuwepo kabisa.