Gesi Mgeni Ndani ya Kichwa

Ukitoka Machakos kwa basi kwenda Mombasa, unashuka karibu mita 1,600 hadi usawa wa bahari. Mahali fulani njiani masikio yanaziba. Unameza mate, pwah, yanazibuka. Hewa imepita kwenye mrija mwembamba unaounganisha sikio la kati na nyuma ya pua.

Bartolomeo Eustachi wa Italia aliueleza mrija huo katika karne ya 16. Mwaka 1651, Mwingereza Nathaniel Highmore akaeleza pango lililo kwenye mfupa wa taya la juu, mojawapo ya yale tunayoyaita sainasi. Shida ni kwamba wapasuaji wa enzi hizo walijifunzia kwa maiti, na maiti hapumui. Walijua nyumba ina vyumba vingapi. Kama madirisha yanafunguka, wangejuaje?

Hata eksirei haioni hewa ikitembea. Ilibidi ipatikane hewa inayojitangaza.

Mwaka 1898, huko London, William Ramsay na Morris Travers waligundua gesi wakaiita zenoni, kutoka neno la Kigiriki lenye maana ya mgeni. Aina yake moja, zenoni-133, hutokana na vinu vya nyuklia. Mwilini haishikani na kitu: unaivuta, unaitoa. Lakini ikiwa ndani inatoa mionzi ambayo kamera maalum huiona kupitia mfupa. Madaktari walianza na mapafu, baadaye wakaja kwenye sainasi na masikio. Unajaza pango gesi, mtu anapumua kawaida, unahesabu dakika. Gesi ikikwama, mlango umeziba. Basi.

Sehemu iliyonishangaza mimi, niliyeacha chuo na kusomea haya kwenye simu usiku, ni ya Ujerumani. Winfried Möller na wenzake walitumia kriptoni-81m, gesi ambayo nusu yake hupotea kila sekunde 13. Ikipitishwa puani kimyakimya, iliingia kwenye sainasi kidogo sana. Ikitikiswa kwa mawimbi ya sauti, iliingia. Tayari mwaka 2002, Weitzberg na Lundberg wa Sweden walikuwa wameonyesha, bila mionzi yoyote, kwamba kuimba mdomo umefumbwa huongeza gesi ya nitriki oksidi inayotoka puani karibu mara 15.

Sasa fikiria ramani. Kriptoni hiyo huzaliwa na rubidi-81, ambayo nusu yake huisha kwa saa 4.6. Isafirishe saa 24 kutoka Ulaya hadi Machakos, na chini ya sehemu 3 kwa 100 ndizo zitabaki. Yaani kuna maarifa ambayo mwili wako hauwezi kushiriki kuyatafuta kwa sababu tu ya mahali unapolala.

Matokeo yake, lakini, hayaozi njiani. Sauti inasukuma hewa hadi pale ambapo pumzi peke yake inafika kwa shida. Si dawa hiyo, ukiumwa nenda hospitali. Ila nyanya anayeimba mdomo umefumbwa akichambua maharagwe anapitisha upepo kwenye vyumba ambavyo Highmore alivikuta vimenyamaza.