Bwana Afya Aliyemzaa Bwana Msa

Mwaka 1968 Muhammed Said Abdulla alistaafu kazi ya mhariri wa Mkulima, gazeti la kilimo la Zanzibar. Alikuwa ametimiza miaka 50. Riwaya yake ya kwanza ilikwisha kupata miaka minane mikononi mwa wasomaji, na ya pili, Kisima cha Giningi, ilitoka mwaka huohuo. Nne zilizosalia zilichapishwa akiwa mstaafu. Kwa hiyo sehemu kubwa ya urithi wake kwa fasihi ya Kiswahili ilitufikia baada ya yeye kuachana na ofisi.

Alizaliwa mwaka 1918 Makunduchi, kusini mwa Unguja, kwa watu wa sherehe ya Mwaka Kogwa, ambako mizimu ina mahali pake na heshima yake. Alipomaliza shule mwaka 1938 aliajiriwa na Idara ya Afya kuwa mkaguzi. Kazi ya bwana afya ni ya miguu na macho. Anabisha hodi kwa tajiri na kwa maskini, anachungulia visima, mitaro na vyoo, anauliza maswali ambayo mgeni mwingine angeona haya kuyauliza. Anajua pia kwamba jibu la kwanza la mwenye nyumba si lazima liwe la kweli. Aliifanya kazi hiyo miaka kumi, na anayezisoma riwaya zake kwa makini atakubali kwamba miaka hiyo haikupotea bure.

Mwaka 1948 akaingia kwenye magazeti. Alikuwa mhariri wa Zanzibari, na kwa nyakati mbalimbali akawa mhariri msaidizi wa Al-Falaq, Afrika Kwetu na Al Mahda. Anayeijua Zanzibar ya miaka ile atashtuka kuyaona majina hayo katika wasifu wa mtu mmoja. Al-Falaq lilikuwa la Jumuiya ya Waarabu. Afrika Kwetu lilikuwa sauti ya Jumuiya ya Waafrika. Ni wachache waliokaa kwenye meza za pande zote mbili. Humo chumbani mwa habari alijifunza kuandika kwa kuwahi saa ya kuchapa, kukata maneno yasiyo na kazi, na kumwonjesha msomaji habari kidogokidogo ili asiliweke gazeti chini.

Kisha likaja shindano. Shirika la Uandishi la Afrika Mashariki, lililokuwa Nairobi, liliandaa mashindano ya kuandika hadithi za Kiswahili ya 1957–58, na Mzimu wa Watu wa Kale ikashika nafasi ya kwanza. Kitabu kilichapishwa mwaka 1960. Wakati huo riwaya ya Kiswahili ilikuwa bado inatembea kwenye njia ya Shaaban Robert, yenye nchi za kufikirika na wahusika waliopewa majina ya tabia zao. Abdulla akaleta mji wenye mitaa, mauaji ya Bwana Ali, na mpelelezi anayevuta kiko: Bwana Msa. Pembeni yake yupo Najum, rafiki mwepesi wa kukisia, pamoja na Spekta Seif wa polisi. Hakuficha kwamba Sherlock Holmes wa Conan Doyle ndiye babu wa mtu wake. Hata hivyo Bwana Msa ni wa Unguja kwa lugha, kwa utani na kwa adabu. Pale wengine wanapoona kazi ya mzimu, yeye anatafuta mkono wa binadamu, na hapigi mtu wala hafyatui bunduki. Anasikiliza, anapima maneno, anaunganisha.

Faraji Katalambulla alipotoa Simu ya Kifo mwaka 1965, njia ya riwaya ya upelelezi ilikwisha fyekwa.

Mwaka 1958 Abdulla alihamia Mkulima, akabaki hapo miaka kumi. Katika miaka hiyo Zanzibar ilipita kwenye chaguzi za uhasama, Uhuru wa Desemba 1963 na Mapinduzi ya Januari 1964. Kazi ya gazeti hilo ilimpa riziki. Muda wa kutunga ulipatikana zaidi baada ya 1968. Zikafuatana Duniani Kuna Watu (1973), Siri ya Sifuri (1974) na Mwana wa Yungi Hulewa (1976), halafu Kosa la Bwana Msa mwaka 1984, miaka 16 baada ya kustaafu. Mafumbo yake yanazunguka nasaba, urithi na ndoa zilizofichwa, mambo ambayo mtu huyafahamu kwa kuingia nyumba nyingi na kukaa na watu miaka mingi.

Wapo wahakiki wanaomlaumu kwamba ulimwengu wake ni wa mabwana wenye nafasi, na kwamba Mapinduzi hayaonekani vya kutosha ndani yake. Lawama hiyo ina ukweli. Lakini ufundi wake wa mazungumzo na wa kuficha jibu mbele ya macho ya msomaji bado una wachache wa kuulinganisha nao.

Alifariki mwaka 1991. Riwaya zake zimechambuliwa. Maandishi yake ya magazetini, ya miaka ishirini kamili, hayajapewa uzito unaostahili. Mwanafunzi wa Kiswahili anayetafuta mada ya utafiti na aende Nyaraka za Taifa, Kilimani, aanze na mwaka 1948.