Moyo Ulioshonwa Haujamaliza Kliniki (Sehemu ya 4)

Tuendelee na somo letu la moyo.

Mama mmoja wa huko delta aliniuliza: "Nesi, mwanangu si alishapasuliwa? Anacheza mpira na wenzake. Nipande boti mpaka Nyamisati, halafu gari mpaka Dar, kutafuta nini tena?"

Swali zuri. Hata madaktari waliwahi kufikiri hivyo.

Mwaka 1954, Minnesota, Marekani, daktari Lillehei na wenzake walitengeneza kwa mara ya kwanza moyo wenye tetralojia ya Fallot, ugonjwa unaofanya midomo ya mtoto iwe ya bluu. Waliziba tundu na kupanua njia ya damu iendayo kwenye mapafu. Watoto wakakua, wakaoa na kuolewa. Ila mara nyingi kupanua ile njia huacha vali ikivuja. Kwa miaka mingi watu wakaona si neno, maana mtoto hana dalili.

Kumbe damu inayorudi nyuma hutanua chumba cha kulia cha moyo, pole pole. Mtu anakuja kuishiwa pumzi ukubwani.

Kilichofichua hilo ni picha. Mwaka 1953 huko Lund, Sweden, Edler na Hertz walitazama moyo kwa mawimbi ya sauti. Majaribio yao yalianza na mashine ya kiwanda cha meli, ya kukagua vyuma. Ndiyo mwanzo wa kipimo chetu cha eko. Baadaye MRI ikaweza kupima chumba kimetanuka kiasi gani. Mwaka 2005 watafiti wa Toronto wakaonyesha kuwa kikizidi mililita 170 kwa kila mita ya mraba ya mwili, hata ukibadilisha vali hakirudi tena kwenye ukubwa wa kawaida. Yaani kuna wakati wa kuwahi, na dalili haziutangazi.

Kwetu, upasuaji wa kufungua moyo ulianza Muhimbili mwaka 2008, na Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete ikaanzishwa 2015. Watoto wa miaka ile ya mwanzo sasa ni vijana. Huu ndio umri wa kuwaangalia.

Nyie watu wa delta mnajua: chombo kilichotiwa kalafati hakisubiri kuzama ndipo kikaguliwe.

Basi tarehe ikifika, nenda. Beba karatasi za upasuaji, muulize daktari: vali inavuja? Chumba cha kulia kimeongezeka kuliko mara ile?

Wewe mwenye mtoto aliyepasuliwa, eko ya mwisho ilikuwa lini?