Shaba Kichwani mwa Gitaa: Chombo Kimoja na Historia ya Kasese na Bwera

Nyumbani kwetu Bwera, mwendo mfupi kutoka mpaka wa Mpondwe, kuna gitaa ambalo babu mzaa baba alilitengeneza kwa mikono yake. Sanduku lake ni la mbao nyembamba, shingo yake imechongwa kwa mti mmoja, na nyuzi zake ni waya wa breki za baiskeli uliofumuliwa. Hata hivyo, mgeni akilishika, jicho lake huenda kwanza kwenye kichwa, yaani sehemu ya juu ya shingo ambapo nyuzi hukazwa. Kichwa hicho kimepanuka kuelekea juu, ncha yake imechongwa pembe mbili, na katikati pamepigiliwa shaba iliyong'arishwa.

Binamu yangu, ambaye hulipigia kwaya, anataka kukikata kichwa hicho. Vigingi vya mti huteleza, nyuzi hulegea katikati ya wimbo, na kwaya nzima husimama kumngojea. Wazee wa ukoo wamemkatalia kwa sentensi moja: "Hiyo ni shaba ya Kilembe." Babu alifanya kazi katika mgodi huo miaka ya 1960, kwa hiyo kwao kichwa hicho ni kumbukumbu ya jasho lake. Insha hii inachunguza dai hilo la wazee, na kupitia dai hilo inajadili ni kwa kiasi gani kichwa cha gitaa la nyumbani kinaweza kutumika kama ushahidi wa historia.

Kwa nini kichwa, na si sanduku au shingo? Sababu ni ya kiufundi. Fundi hana uhuru mkubwa katika sehemu nyingine. Sanduku lisipokuwa na uwazi wa kutosha, sauti hufa. Shingo ikipinda, nyuzi hukwaruza. Vipande vya kugawia sauti visipopangwa kwa vipimo vyake, chombo hakiimbi pamoja na vingine. Kichwa kina masharti mawili tu: kishike vigingi kwa nguvu, na nyuzi zipite bila kugusana. Baada ya hapo fundi yuko huru kukipa umbo alipendalo. Hata viwanda vikubwa vinajua hivyo. Mwaka 1977 nchini Marekani, wenye magitaa ya Gibson walimshitaki msambazaji wa magitaa ya Ibanez kutoka Japani, na kilichogombaniwa kilikuwa umbo la kichwa. Kichwa ndicho sahihi ya mtengenezaji.

Tuanze na dai la shaba. Reli kutoka Kampala ilifika Kasese mwaka 1956, na lengo lake kubwa lilikuwa kubeba shaba ya Kilembe. Katika mwaka huohuo uzalishaji ulianza chini ya kampuni yenye mtaji wa Kanada. Mgodi ukakusanya wafanyakazi kutoka pande nyingi, na Kasese ikageuka kutoka kituo cha njiani kuwa mji. Ilipofika miaka ya mwanzo ya 1980, uzalishaji ulikuwa umekoma. Kwa familia nyingi za Bakonzo, miaka hiyo ndiyo iliyoleta mshahara wa kwanza, baiskeli ya kwanza na redio ya kwanza.

Lakini je, mgodi ulitoa shaba ambayo mfanyakazi angeweza kuitia mfukoni? Hapa ndipo dai la wazee linapoyumba. Kilembe haikutengeneza bamba wala waya. Mawe yalisagwa na kuchujwa hukohuko mlimani, kisha unga wenye madini ukasafirishwa kwa treni hadi Jinja, karibu na umeme wa bwawa la Owen Falls lililofunguliwa mwaka 1954. Huko Jinja ndiko kulikokuwa na tanuri la kuyeyushia. Shaba iliyotoka kwenye tanuri hilo ilikuwa bado haijasafishwa kikamilifu, nayo iliendelea na safari hadi Mombasa na ng'ambo. Mchimbaji wa Kilembe aliishi juu ya shaba, lakini shaba nyekundu inayong'aa hakuiona ikizaliwa mbele yake.

Nilimpelekea gitaa seremala mzee wa jirani. Aliligeuza kwenye mwanga, akapitisha ukucha juu ya pambo, akaniambia niangalie vizuri. Nilichokuwa nikikiita bamba si bamba. Ni vipande vitano vya waya mnene wa umeme vilivyopondwa kwa nyundo hadi vikawa bapa, vikalazwa ubavu kwa ubavu na kupigiliwa misumari midogo. Ukitazama kwa karibu, mistari minne ya maungio inaonekana.

Je, wazee wamekosea? Kwa maana ya moja kwa moja, ndiyo. Lakini kosa lao lina historia ndani yake. Shaba iliondoka bondeni ikiwa unga wa mawe, na iliyorudi Kasese ilirudi ikiwa waya, bidhaa ya kununuliwa kwa fedha. Babu alichukua masalio ya waya, akayaponda, akayaweka mahali panapoonekana kuliko pengine pote. Hatuwezi kuthibitisha alichokuwa akiwaza. Tunaweza kusema tu kwamba mtu aliyefanya kazi kwenye mgodi wa shaba alichagua shaba, ilhali bati la kopo lingepatikana kwa urahisi zaidi.

Ushahidi wa pili ni matundu. Kichwa kina matundu sita, lakini vigingi ni vinne. Matundu mawili ya juu ni safi kabisa, hayana mkwaruzo wa waya wala alama ya kigingi. Hayajawahi kufungwa uzi. Basi kwa nini yalitobolewa? Maelezo yanayoelekea kuwa sahihi ni kwamba fundi alikuwa na gitaa la kiwandani machoni mwake. Miaka ya 1950 kampuni ya Gallo ya Afrika Kusini iliuza magitaa ya bei nafuu ya Gallotone, na kwa jina hilohilo iliuza santuri. Mwaka 1952 Hugh Tracey alimrekodi Jean-Bosco Mwenda huko Jadotville, ambayo leo ni Likasi, na nyimbo zake za Kiswahili zikasambaa Afrika Mashariki. Bwera haikuwa mbali na upepo huo. Mpaka uliokubaliwa na Waingereza na Wabelgiji mwaka 1910 uliwagawa Bakonzo wa upande huu na Banande wa Kongo, ambao ni ndugu wa lugha moja, lakini haukuzuia soko, ndoa wala muziki. Matundu mawili yasiyo na kazi ni alama ya chombo ambacho babu alikitamani bila kuwa na uwezo wa kukinunua.

Hata hivyo, tusikimbilie kuliita kila pambo urithi wa kale. Kaskazini zaidi, kwa Wamangbetu wa Kongo, kuna vinubi vyenye vichwa vya watu vilivyochongwa kwenye ncha ya shingo. Enid Schildkrout na Curtis Keim, katika utafiti wao wa mwaka 1990, walionyesha kwamba uchongaji wa sura za watu uliongezeka sana mwanzoni mwa karne ya 20, kwa kuwa wageni waliokusanya vifaa walivipenda. Bakonzo nao wana enzenze, chombo cha kibuyu na ubao ambacho jina lake linatukumbusha zeze la pwani. Ilinivutia kudai kwamba pembe za gitaa letu zimetoka kwenye enzenze. Sikupata alama yoyote ya kuunga mkono dai hilo, kwa hiyo nimeliacha.

Kwa kuhitimisha, kichwa cha gitaa ni ushahidi mzuri pale tu tunapokisoma kwa ukucha na kwa maswali, kisha tukakilinganisha na yanayojulikana kuhusu reli, tanuri na mpaka. Simulizi ya ukoo pekee ingetupa bamba ambalo halikuwepo. Reli na tanuri peke yake zingetunyima babu.

Kuhusu ugomvi wa nyumbani, binamu aliniuliza swali ambalo wanahistoria tunapaswa kulijibu kwa unyenyekevu: "Gitaa ni la kupigwa au la kusomwa?" Babu alilitengeneza lipigwe. Kwa hiyo tumekubaliana kwamba shingo yote ya zamani itolewe bila kukatwa na ihifadhiwe kwa nyanya, na binamu achonge shingo mpya yenye vigingi vya chuma. Nimekipima kichwa, nikakipiga picha pande zote, nikaandika maneno ya seremala. Binamu nimemwomba jambo moja tu, ambalo babu hakulifanya na ambalo limenigharimu miezi ya kukisia: nyuma ya kichwa kipya, mahali pasipoonekana na watazamaji, aandike mwaka.