Laboso, Joyce Cherono (1960–2019)

Mwalimu na mwanasiasa wa Kenya, gavana wa pili wa Bomet, kaunti ya majani chai inayopakana na Kericho. Alikuwa mhadhiri katika Chuo Kikuu cha Egerton, na siasa ilimjia kupitia msiba: dada yake Lorna, mbunge wa Sotik, alipofariki katika ajali ya ndege Juni 2008, Joyce aliwania kiti hicho katika uchaguzi mdogo, yaani wa kujaza nafasi iliyoachwa wazi, akashinda. Mwaka 2013 akawa Naibu Spika wa Bunge la Taifa, na 2017 akamshinda Isaac Ruto, gavana wa kwanza wa Bomet, akawa miongoni mwa wanawake 3 wa kwanza kuchaguliwa magavana nchini, jambo zito katika siasa za Wakipsigis, jamii kubwa ya Bomet, zilizotawaliwa na wanaume. Alifariki kwa saratani tarehe 29 Julai 2019, kabla hajafika nusu ya muhula wake.