Kisiwa Hakilindwi na Maji

Kutoka Dover hadi pwani ya Ufaransa, pale bahari inapokuwa nyembamba kabisa, ni kilomita 33 hivi. Ni rahisi kudhani kwamba maji hayo ndiyo yaliyoilinda Uingereza tangu zamani na kuifanya dola ya bahari. Lakini kwa karne nyingi yalikuwa njia ya kuingilia. Warumi waliyavuka, wakaja Wasaksoni, wakafuata Waviking. Mwaka 1066 William wa Normandi aliteremsha askari na farasi wake Pevensey bila kukuta merikebu za kumzuia, na kabla mwaka haujaisha akavishwa taji.

Wafalme waliomfuata waliendelea kupigania ardhi Ufaransa, hadi Calais, kipande chao cha mwisho huko, kilipowaponyoka mwaka 1558. Miaka 30 baadaye zamu ilikuwa ya Felipe II wa Hispania. Alituma merikebu zipatazo 130 zilivushe jeshi lake lililokuwa likisubiri Flanders. Mpango ulikwamia ufukweni: upande ule hapakuwa na bandari ya kina kirefu ambayo Wahispania wangeweza kuitumia. Wakatia nanga nje ya Calais, kwenye bahari ya wazi. Usiku Waingereza wakawaachia merikebu 8 zinazowaka moto, zikaletwa na upepo na mkondo. Wahispania wakakata kamba za nanga na kutawanyika. Baada ya vita vya siku iliyofuata, upepo uliwasukuma kaskazini, wakalazimika kuizunguka Scotland, na merikebu nyingi zikavunjikia kwenye majabali ya Ireland.

Hata hivyo, upepo si jeshi. Mwaka 1667 Waholanzi waliingia Mto Medway, wakachoma manowari zilizofungwa humo na kuivuta hadi kwao Royal Charles, iliyobeba jina la mfalme mwenyewe. Serikali ilikuwa imeishiwa. Mabaharia hawakulipwa mishahara yao, na manowari kubwa zilikuwa zimelazwa bila watu. Dawa ya ukata huo ilipatikana mwaka 1694, Benki ya Uingereza ilipoanzishwa na kuikopesha serikali pauni milioni 1.2 wakati wa vita na Ufaransa.

Hapo ndipo kisiwa kilipoanza kuleta faida. Mfalme wa Ufaransa alikuwa na mipaka mirefu ya nchi kavu, na kila mpaka ulidai ngome na askari. Uingereza iliweza kuwa na jeshi dogo la nchi kavu, fedha zikaenda kwenye vyelezo vya Portsmouth, Plymouth na Chatham. Mabaharia nao walikuwa wakifundwa na biashara ya pwani. London ilipata makaa yake ya mawe kutoka Newcastle kwa merikebu, katika bahari yenye mafungu mengi ya mchanga. James Cook, aliyekuja kuchora ramani za Pasifiki, alijifunza kazi humo.

Pepo pia zilisaidia. Manowari za Ufaransa zilikaa Brest, nazo za Uingereza zilikuwa nje zikiwavizia. Upepo wa magharibi ukichafuka, Waingereza walikimbilia ghuba ya Torbay kujificha, wala hawakuwa na wasiwasi, kwa kuwa upepo huohuo uliwafungia Wafaransa bandarini. Ukigeuka kuwa wa mashariki, pande zote mbili zilitoka. Lakini miti na kamba havikutosha kisiwani. Victory, manowari iliyoshushwa majini mwaka 1765, ilikula miti ipatayo 6,000, mingi ikiwa mialoni. Milingoti, lami na katani za jeshi la majini zilitegemea sana nchi za Baltiki. Aliyetaka kukilinda kisiwa ilimbidi alinde njia za mbali.

Tarehe 21 Oktoba 1805, karibu na rasi ya Trafalgar, Nelson, amiri wa Uingereza, alizishinda manowari 33 za Ufaransa na Hispania akiwa na 27, akafa humo humo. Baada ya hapo dola ikajishikiza bahari nzima. Tayari ilikuwa na Gibraltar. Ikabaki na Malta, Rasi ya Tumaini Jema na Mauritius, ikaongeza Singapore mwaka 1819 na Aden mwaka 1839. Karibu zote ni visiwa, rasi au milango ya bahari. Utajiri uliojenga nguvu hiyo ulikuwa na damu: kabla ya sheria ya kupiga marufuku biashara ya watumwa mwaka 1807, merikebu za Uingereza zilikuwa zimechukua Waafrika takriban milioni 3.

Mwaka 1890 ilifika zamu ya Unguja. Ujerumani ilikubali Uingereza iiweke Zanzibar chini ya ulinzi wake, nayo ikapewa kisiwa kidogo cha Heligoland. Tarehe 27 Agosti 1896, Khalid bin Barghash, aliyejitwalia usultani, alipokataa kutoka katika jumba la kifalme, manowari za Uingereza zililipiga kwa muda usiofika dakika 45. Glasgow, manowari ya Sultani iliyoundwa Scotland, ikazamishwa bandarini. Watu wapatao 500 waliuawa au kujeruhiwa; upande wa Uingereza alijeruhiwa baharia mmoja.

Unguja nayo ilikuwa na maji yake, kama Uingereza ilivyokuwa na yale ya Dover. Lakini haikuwa na vyelezo vya kuunda manowari, wala benki ya kuzigharamia.